Vepu ya gharama ndogo Mwanza: anza na koili, kifaa baadaye

Kwenye duka la vepu, yaani sigara za kielektroniki, swali huwa moja: "Hii shilingi ngapi?" Muuzaji anataja bei ya kifaa, mnapatana, unaondoka nacho. Wiki mbili baadaye koili (waya wa ndani unaopasha) imeungua, maji yake ya nikotini yamekwisha, na koili ya aina ile haipo Makoroboi, haipo Rwagasore, haipo popote mpaka iagizwe Dar ije na basi. Kifaa kilikuwa rahisi kweli, lakini mwezi mzima haukuwa rahisi. Ukitaka vepu isiyokumaliza mfukoni, geuza mpangilio: tafuta kwanza koili au podi (kikopo cha maji chenye koili yake) inayopatikana mjini wakati wote, halafu ndipo ununue kifaa kinachoitumia.

Nianze na jambo moja la lazima. Haya yote yameandikwa kwa mtu mzima anayevuta sigara tayari na anayetaka kuziacha. Kama huvuti, usianze. Nikotini inashika, na hakuna vepu iliyo rahisi kuliko kutokuwa nayo. Mjamzito na kijana chini ya miaka 18 hawahusiki kabisa. Na ukinunua vepu huku pakiti ya sigara ikiendelea kununuliwa kila siku, unalipa mara mbili, na mapafu bado yanapata moshi uleule.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani. Vepu ni ndugu wa koroboi. Mtaa wa Makoroboi umepata jina kwa mafundi waliokuwa wakitengeneza taa hizo kwa makopo, kwa hiyo Mwanza jambo hili halihitaji maelezo marefu. Koroboi ina chombo cha mafuta, utambi wa pamba, na moto juu. Utambi unanyonya mafuta kuyapeleka juu kadiri yanavyoungua. Mafuta yakikata, unaanza kuungua utambi wenyewe, na harufu yake unaijua. Vepu nayo ina tanki au podi ya maji, pamba inayonyonya, na badala ya moto kuna waya uliozungushwa, yaani koili, unaopashwa na betri. Maji yakifika kwenye waya yanageuka mvuke. Yasipofika kwa kasi ya kutosha, pamba inakauka na kuungua, na mvuto unaofuata unakwangua koo. Karibu kila hitilafu ya vepu inarudi hapo: maji hayafiki kwenye waya, au yanafika kupita kiasi.

Aina ya mvuto ndiyo inayoamua matumizi

Kuna namna mbili za kuvuta. Ya kwanza ni kama sigara: unakusanya mvuke mdomoni, kisha unaushusha kifuani. Inatumia koili ya omu (kipimo cha ukinzani wa waya) 0.8 hadi 1.2, wati 10 hadi 18, na tundu dogo la hewa. Ya pili ni kuvuta moja kwa moja kifuani, kama shisha: koili ya omu 0.15 hadi 0.4, wati 40 hadi 80, tundu kubwa, wingu la kujaza chumba.

Betri iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya 4.2 kwa omu za koili upate ampea ambazo koili inaweza kuvuta moja kwa moja kwenye betri hiyo. Koili ya omu 1.0 inavuta ampea 4.2, ambazo ni kama wati 17 na nusu. Koili ya omu 0.2 inavuta ampea 21, yaani wati 88. Wati zikipanda, maji yanayogeuka mvuke kwa sekunde nayo yanapanda, na betri inaisha upesi. Mvutaji wa namna ya kwanza hutumia kama mililita 2 hadi 4 kwa siku. Wa namna ya pili hufika mililita 10, 15, hata 20 bila kujitambua.

Weka bei za mfano tu, kisha uzibadilishe kwa bei za duka lako. Tuseme chupa ya mililita 30 ni 20,000, chupa ya mililita 60 ni 35,000, podi moja 8,000, koili ya tanki kubwa 10,000. Anayetumia mililita 3 kwa siku anahitaji mililita 90 kwa mwezi, chupa tatu za 30, na podi kama tatu: 60,000 na 24,000, jumla 84,000. Anayetumia mililita 12 anahitaji mililita 360, chupa sita za 60, na koili nne: 210,000 na 40,000, jumla 250,000. Tofauti hiyo ya kila mwezi inanunua kifaa kipya na chenji inabaki. Ndiyo maana nasema bila kusita: mtu wa bajeti ndogo asiguse vifaa vya wingu kubwa, hata akipewa kimoja bure.

Na zile za kutupa? Ile inayoandikwa mivuto 600 huwa na kama mililita 2 tu za maji. Chupa moja ya mililita 30 ni sawa na kumi na tano kati ya hizo. Ukishika moja mkononi, unalipia betri, plastiki, rangi na kopo lake, vyote vya kutupwa baada ya siku moja au mbili. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za matumizi ya mara moja kuanzia Juni 1, 2025, na sababu kubwa ilikuwa taka zake pamoja na vijana kuzikimbilia.

Kuna wanaozifungua, wakaongeza maji kwa bomba la sindano na kumpelekea fundi achaji betri. Usifanye hivyo. Pamba ya ndani ilikadiriwa kwa maji yale tu na tayari imeshaanza kuwa nyeusi. Halafu nyingi hazina sakiti ya kuchajia: ukiunganisha volti 5 za chaja ya simu moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu ambayo kikomo chake ni volti 4.2, umeiweka kwenye njia ya kuwaka moto.

Kifaa chenyewe

Kwa anayeanza, chaguo langu ni podi ya kujaza, yenye betri ya ndani ya kama 800 hadi 1000 mAh (kipimo cha ujazo wa betri), inayochajiwa kwa tundu la Type-C. Vaporesso XROS na Uwell Caliburn ni familia mbili ambazo podi zake zimeenea sana, na hilo lina uzito kuliko taa za rangi na kioo cha kugusa. Kabla ya kulipa, fanya hivi: mwulize muuzaji podi za kifaa hicho, mwambie atoe pakiti tatu uzione kwa macho. Akisema "zinakuja wiki ijayo", rudisha kifaa kwenye kabati. Kisha pita duka la pili na uulize podi hizohizo. Kama maduka mawili ya mjini yanazo, na bei hazipishani sana, hapo una kifaa kitakachoishi.

Angalia pia kama podi inabadilishwa yote au ni koili peke yake inayochomolewa. Koili ya kuchomoa kwa kawaida huwa rahisi kidogo, lakini ina ringi za mpira, na ringi ikikaa vibaya maji yanavuja. Kwa mtu asiyependa kushughulika, podi nzima ina usumbufu mdogo.

Betri ya ndani ina umri wake. Betri za lithiamu za aina hii huvumilia takriban mara 300 hadi 500 za kuchaji kabla ya kuanza kuchoka, kwa hiyo ukichaji mara moja kwa siku utapata kama mwaka. Ukiiona inadai chaji mchana na usiku ilhali zamani ilimaliza siku, imefika hapo. Fundi simu mzuri anaweza kubadilisha tundu la chaji lililolegea. Kubadilisha betri yenyewe simshauri mtu, kwa sababu betri inayowekwa mara nyingi ni ya kitu kingine na haihimili ampea za koili.

Kuhusu chaja: tumia ya volti 5 na ampea 1. Wengi wanalalamika kuwa vepu mpya "haipokei chaji" kumbe wanatumia waya wenye Type-C pande zote mbili. Vifaa vya bei ya chini mara nyingi vimeachwa bila vipinzani viwili vidogo vinavyoiambia chaja "nipe umeme", kwa hiyo chaja ya kisasa inakaa kimya. Badilisha waya, tumia ule wenye USB ya kawaida upande wa chaja, na kifaa kitawaka.

Betri ya kutoa: hapa ndipo watu wanaibiwa

Hatua inayofuata, kwa anayetaka kifaa cha miaka, ni kifaa cha betri moja ya 18650 chenye sakiti ya kudhibiti wati, na tanki dogo la mvuto wa sigara. Betri ikichoka unanunua betri tu. Namba 18650 ni vipimo: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65.

Tatizo ni kwamba kanda ya ziwa imejaa 18650 za tochi, redio na taa za sola, na sehemu kubwa ya hizo maandishi yake hayana ukweli. Ukiona 9900 mAh kwenye ganda, iache. Hakuna 18650 yenye ujazo huo. Zilizo bora kabisa duniani hazijafika hata nusu yake. Za kweli zinazofaa kazi hii zinasoma namba za kawaida: Samsung 25R ni 2500 mAh na ampea 20, LG HG2 ni 3000 mAh na ampea 20, Molicel P26A ni 2600 mAh. Betri zilizotolewa kwenye laptop nazo usizitumie. Hata zikiwa halisi, ziliundwa kutoa umeme polepole kwa saa nyingi, na koili inataka umeme mwingi kwa sekunde tatu.

Kuna kipimo rahisi ambacho Mwanza tuna bahati nacho. Sonara na wanunuzi wa dhahabu wana mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya gramu. Omba upimiwe. 18650 ya kweli ya aina hizi ina uzito wa kati ya gramu 43 na 49. Ikisoma 30 au 35, ndani kuna betri ndogo na kitu cha kujazia nafasi. Uzito sahihi peke yake hauthibitishi kuwa betri ni halisi, lakini uzito mdogo unathibitisha kuwa ni feki.

Ganda la plastiki la betri likichanika, hata kidogo karibu na juu, lifunike upya au iache betri hiyo. Kopo lote la betri ni upande hasi, na pale juu hasi na chanya vimetenganishwa na kijiringi chembamba tu. Usiiweke mfukoni na funguo au sarafu. Kesi ya plastiki ya betri mbili ni shilingi chache, inunue siku hiyohiyo. Na vile vifaa vya chuma visivyo na sakiti yoyote, ambavyo betri inaunganishwa na koili moja kwa moja kwa kubonyeza kitufe, viache hata kama vinauzwa kwa bei ya soda.

Koili ya kujisukia

Anayetaka gharama ishuke hadi chini kabisa atafika hapa mapema au baadaye: tanki la kujisukia koili. Gharama ya koili inakuwa ndogo mno, kwa sababu waya wa Kanthal, yaani waya wa kupashia joto, wa mita 10 unatoa koili karibu mia moja, na pamba ya koili moja ni kipande cha ukubwa wa nusu ya kidole.

Chukua waya namba 28, wenye kipenyo cha milimita 0.32. Kata sentimita 10. Shika bisibisi nyembamba ya milimita 2.5, uzungushe waya juu yake mizunguko sita, ukivuta ili mizunguko ilaliane bila kupandana. Utapata koili ya kama omu 1.0 hadi 1.1 pamoja na miguu yake. Ukiwa bado na bisibisi ndani ya koili, ingiza miguu kwenye skrubu za tanki na uzikaze kwa kadiri. Ukikaza kwa nguvu zote waya unakatika. Punguza miguu iliyozidi kwa kikata kucha, na hakikisha koili haigusi chuma popote. Weka kifaa kwenye wati 8, bonyeza kwa sekunde moja moja, uangalie. Koili nzuri inawaka kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikiwaka pembeni kwanza, kuna mguu unaovuja umeme au skrubu iliyolegea. Ibane koili kwa upole kwa kibano cha kauri, kisiwe cha chuma wakati kitufe kimebonyezwa, mpaka iwake sawa.

Halafu pamba. Tuko kwenye nchi ya pamba, Usukuma yote inailima, na mtu anaweza kufikiri kwamba nyuzi safi za kutoka kwenye jineri (kiwanda cha kuchambua pamba) zinafaa. Hazifai. Pamba ghafi ina nta yake ya asili inayokataa maji, tena hujui ilipuliziwa dawa gani shambani. Nunua pamba ya duka la dawa iliyoandikwa asilimia 100 pamba, isiyo na harufu wala rangi. Uijaribu hivi: mimina maji ya kawaida kwenye glasi, weka kipande kidogo juu bila kukisukuma. Pamba iliyosafishwa sawasawa inanywa maji na kuzama ndani ya sekunde chache. Inayoelea kama bata bado ina nta, na kwenye koili itakosa maji na kukupa ladha ya kuungua hata tanki likiwa limejaa.

Vuta kipande, kisokote ncha moja, kipitishe ndani ya koili. Kinatakiwa kupita kwa msuguano mdogo: koili isitikisike kwa kuvutwa, lakini pamba nayo isiteleze bure. Ikibana sana, maji hayapiti, pamba inaungua. Ikilegea, maji yanafurika na kutokea tundu la hewa. Kata mikia miwili iguse tu sakafu ya mashimo ya maji, iweke ndani bila kushindilia. Pamba badilisha kila baada ya siku nne au tano. Waya unaweza kukaa mwezi na zaidi. Ukiwa mweusi, toa pamba, uchome waya mkavu kwa kubonyeza kifupi kifupi kwa wati ndogo, usugue kwa brashi, weka pamba mpya.

Maji na nikotini

Kosa la kibajeti ambalo watu hawalioni ni kununua maji yenye nikotini ndogo mno. Mvutaji wa pakiti kwa siku anashauriwa "anza na 3", yaani miligramu 3 za nikotini kwa kila mililita, kisha anashangaa chupa inaisha kwa siku tatu. Mwili unatafuta kiwango chake. Mililita 3 za maji ya miligramu 18 zina miligramu 54 za nikotini. Ili kupata hizohizo kwenye maji ya miligramu 3 ungehitaji mililita 18. Kwa hiyo pochi inalipa na koo linalipa. Anayevuta sigara nyingi aanze na nikotini ya chumvi ya kama miligramu 20 kwa mililita kwenye podi. Anayevuta tano au sita kwa siku, miligramu 10 au 12 humtosha. Ukisikia kichwa kizito, kichefuchefu au moyo kwenda mbio, umezidisha: weka chini, kunywa maji ya kawaida, na safari ijayo shusha kiwango. Maji ya miligramu 50 usiyatie kwenye tanki la wingu kubwa hata siku moja.

Hayo ya miligramu 50 yana faida kwa mwenye kujua hesabu. Mililita 30 za miligramu 50 zina miligramu 1,500. Ukiongeza mililita 45 za maji yasiyo na nikotini, unapata mililita 75 za miligramu 20. Chupa moja ya mililita 30 imekuwa mbili na nusu. Ladha itapungua, kwa hiyo maji ya kuongezea yawe ya ladha inayofanana. Pima kwa bomba la sindano la mililita 10 bila sindano, vaa glovu, fanyia kazi juu ya sinia, na tikisa dakika nzima. Nikotini inapita kwenye ngozi: ikimwagika mkononi, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi. Andika kiwango na tarehe kwenye chupa. Chupa zote ziwe na vifuniko vya kubonyeza na kuzungusha, zikae kabatini kwa kufuli. Mtoto mdogo akinywa hata kiasi kidogo ni dharura ya hospitali, na harufu ya embe au sitroberi inamvutia.

Herufi PG na VG kwenye lebo ni propilini glaikoli na gliserini. PG ni nyepesi, inabeba ladha na kukwangua koo kidogo. VG ni nzito na tamu, inaleta wingu. Podi ndogo zinataka nusu kwa nusu. Maji yenye VG 70 ni mazito mno kwa vijitundu vya podi, hasa asubuhi ya baridi baada ya mvua. Pamba inakauka kabla hayajafika. Watu wanatupa podi nzima wakidhani mbovu, kumbe ni maji tu.

Gliserini ya watengeneza sabuni usiiguse. Gliserini na propilini glaikoli ambazo hazikupimwa kwa matumizi ya binadamu zinaweza kuwa na dayethilini glaikoli, sumu ya figo, ileile iliyokutwa kwenye dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto Gambia mwaka 2022. Nunua maji ya kuongezea yaliyofungwa na yenye lebo ya vepu. Na mafuta ya aina yoyote, yawe ya kupikia, ya karafuu au vitamini E ya vidonge, hayaingii kwenye vepu. Marekani, kufikia Februari 2020, zilirekodiwa kesi 2,807 za waliolazwa au kufariki kwa madhara ya mapafu yaliyohusishwa na vepu, vifo vikiwa 68, na vitamini E asetati iliyochanganywa kwenye maji ya bangi ya magendo ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo kikuu.

Maji yenye utamu mwingi wa sukralosi yanafupisha maisha ya koili kuliko kitu kingine chochote. Utamu hauondoki na mvuke, unabaki kwenye waya kama ukoko wa sufuria ya wali. Podi iliyoweza kukaa wiki mbili inakufa kwa siku nne. Maji ya mnanaa au tumbaku yasiyotiwa utamu ni bahili zaidi, na mwanga wa dirishani utakuonyesha: podi yake inabaki na pamba ya rangi ya chai ya rangi, ile ya maji matamu inakuwa kama kahawa.

Siku ya kwanza na hitilafu zake

Podi mpya ijaze, ukiacha kipovu kidogo cha hewa juu, iache dakika 10 nzima. Vuta mara tatu au nne bila umeme, ukiwa umeichomoa kwenye kifaa, ili maji yaingie kwenye pamba. Koili ya tanki itie matone matatu au manne kwenye matundu yake kwanza. Anza na wati za chini zilizoandikwa kwenye koili, panda taratibu. Anayekimbilia mvuto wa kwanza baada ya dakika moja anaunguza pamba, na pamba iliyoungua haiponi.

Inagoroma na kurusha matone mdomoni: kuna maji kwenye bomba la hewa. Chomoa podi, ifunge kwa tishu, ikung'ute mara mbili mdomo ukiwa chini. Kifaa hakitambui podi: futa vidoti vya shaba chini ya podi na ndani ya kifaa kwa pamba yenye spiriti kidogo, umande wa mvuke umekaa hapo. Inavuja mfukoni: karibu kila mara ni jua. Vepu iliyoachwa juu ya dashibodi, au kwenye kibegi cha bodaboda mchana, maji yake yanakuwa mepesi na hewa ya ndani inatanuka na kuyasukuma nje. Anayevuka kwenda Ukerewe aiweke kivulini, imesimama wima, ndani ya mfuko wa nailoni unaofungwa, mbali na maji ya ziwa. Kwenye ndege ya Dar hewa ya podi inatanuka vilevile, kwa hiyo panda nayo ikiwa tupu au imejaa kabisa. Na vepu pamoja na betri za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege.

Anayepitia Mutukula kwenda Kampala aiache nyumbani kabisa. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, na mpakani hakuna wa kukuuliza kama ni ya kuachia sigara.

Kwa hiyo ukiingia mjini na hela yako, mfuko wa kurudi nao uwe hivi: kifaa kimoja cha podi, podi tatu za omu 0.8 au 1.0, chupa mbili za mililita 30 za nusu kwa nusu zisizo na utamu, na waya wa chaja wa USB ya kawaida. Sanduku la kifaa na risiti vitunze mpaka uchaji mara tano, maana tundu la chaji lenye kasoro mara nyingi huonekana mapema. Baada ya miezi miwili mitatu bila sigara, shusha maji kutoka miligramu 20 hadi 12: mililita 30 za 20 ukiongeza mililita 20 zisizo na nikotini zinakupa 50 za 12. Kaa hapo mwezi, hesabu mililita unazotumia. Zikipanda, umeshuka haraka mno, rudi hatua moja. Zikibaki zilezile, shuka hadi 6.